Mia Tatu na Moja, Mia Tatu na Mbili, na Ndoa ya Mabosi Wangu

Nyinyi vijana kompyuta ikiwakatalia kitu mnasonya, mnafunga, mnahamia kwingine. Ukurasa umeandika mia nne na nne, wewe tayari unaangalia mpira. Sisi tulikuwa tunakaa tukiitazama ile namba kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Hata sasa nimestaafu na kazi yangu ni kuku na migomba, mkinijia mbio na simu zenu, "Bibi, tovuti imekufa," swali langu ni lile lile: imekufa kwa namba gani? Mnanishangaa. Basi kaeni niwaambie namba hizo zilivyonifikisha kwenye kikao cha mchungaji na wazee.

Kompyuta sikuisomea. Nilitoka Rombo miaka ya tisini nikaja Karatu kupiga taipu kwenye kampuni ya watalii iliyokuwa na kambi kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Wakati ule barabara ilikuwa vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Niliandika barua, nilituma faksi, nilizungumza na madereva kwa redio ya upepo walipokuwa kreta. Siku kompyuta ilipoletwa, wafanyakazi wote waliizunguka, wakaona ina herufi. "Ina herufi," wakasema, "ni ya Mama Elly." Ikawa yangu. Miaka michache baadaye ikaja tovuti, nayo ikapita njia hiyo hiyo: iko ndani ya kompyuta, kompyuta ni ya Mama Elly, basi. Hivyo ndivyo watu wengi wa rika langu walivyopata utaalamu, wala msidanganywe na hotuba za kuagana.

Kambi ilikuwa ya mtu na mkewe. Mume ni Bwana Gabrieli, Mwiraki, yaani Mmbulu, wa Mbulumbulu, mrefu, sauti ya kanisani. Mke ni Mama Martina wa Endabash, mfupi, mwenye kucheka kwa mwili mzima. Kampuni waliipa jina kwa kuunganisha majina yao, ikawa Gamarti. Halikuwa na maana yoyote katika lugha yoyote ya dunia hii, ila madereva wetu waliwaambia wageni kwamba ni neno la kale la Kiiraki lenye maana ya tembo anayerudi nyumbani, na wageni walikuwa wanaandika.

Tuliposajili anwani ya tovuti, Bwana Gabrieli alikataa kuweka sahihi. "Anwani ya nini tena? Sisi tuna sanduku la posta, tena lina ufunguo." Mama Martina akaisajili kwa jina lake, akarudi jikoni kuangalia viazi.

Aliyenifundisha kazi ni fundi mmoja wa Arusha, Joakim, kijana mwembamba aliyekuja kwa basi na begi lililojaa nyaya. Alikuwa anakula makande kwa kuchagua mahindi na kuacha maharage pembeni ya sahani, na nilimsamehe kwa sababu ya kichwa chake. Seva yetu, yaani ile mashine inayotunza kurasa na kuzigawa, ilikuwa Arusha kwa watu wa kukodisha, na yeye ndiye aliyetuunganisha nayo.

"Mama Elly," aliniambia, "mtu akiandika anwani yetu ni kama amefika geti la Ngorongoro. Wa getini lazima amjibu, na humjibu kwa namba kabla hajatamka neno. Namba ikianza na mbili: pita, ulichotaka hiki hapa. Ikianza na tatu: hakiko hapa tena, nenda kule. Ikianza na nne: umekosea wewe uliyekuja. Ikianza na tano: tumekosea sisi wa ndani."

"Na mia nne na nne?"

"Unaulizia kitu ambacho hapa hakipo. Ama umekosea jina, ama sisi tumekiondoa bila kuaga. Mia nne na tatu ni nyingine: kitu kipo, nimekuona, na hupiti. Mia tano na tatu ni kwamba tupo lakini tumezidiwa, rudi baadaye. Watu wakiona namba hukimbilia kuzima na kuwasha. Wewe soma tarakimu ya kwanza, ujue lawama ni ya nani. Hapo nusu ya kazi imeisha."

Nilimwamini. Nilichokuwa sikijui ni kwamba hiyo nusu nyingine ya kazi ni bosi.

Mara ya kwanza seva yetu ilipotoa mia tano, Bwana Gabrieli alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Hii inasemaje?"

"Inasema kuna hitilafu ndani ya seva."

"Seva ya nani?"

"Yetu."

Akakiweka kikombe mezani. "Toa. Weka ile ya nne."

"Mzee, ya nne inasema amekosea mgeni."

"Ndiyo. Mgeni yuko mbali, hakuna anayemjua. Mimi niko hapa Karatu, nina heshima yangu."

Nilimweleza kwamba namba haipangwi kama viti vya harusi, kwamba seva inatoa namba kulingana na kilichotokea. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema jambo hilo litazamwe kwenye kikao kijacho.

Halafu akaenda kwenye semina ya utalii huko Arusha. Alirudi na mkoba wa kaki na fundisho moja: mteja asisikie kamwe neno hapana. Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo mtu akitafuta ukurasa usiokuwepo, asioneshwe mia nne na nne. Aoneshwe picha ya Bwana Gabrieli mwenyewe ameegemea Landrova, chini imeandikwa karibu sana. Na namba iwe mia mbili, kwa maana kila kitu kiko sawa.

Joakim alikuwepo siku hiyo. "Mzee, picha weka, maneno mazuri weka, lakini namba iache ni mia nne na nne. Picha inasomwa na watu. Namba inasomwa na mashine nyingine, na mashine hazielewi adabu. Ukiziambia mia mbili, zinaamini."

"Ziamini," alisema Bwana Gabrieli.

Zikaamini. Mtu aliandika upuuzi wowote mbele ya anwani yetu, seva ikajibu kwa furaha: mia mbili, ulichotaka hiki hapa, na hapo akatokea Bwana Gabrieli na Landrova. Injini za kutafutia zikamhifadhi kwenye kila kona. Ulitafuta simba, ukampata yeye. Ulitafuta bei za watoto, yeye. Mama mmoja wa Ulaya alituandikia kwa upole kwamba ameulizia choo cha mtu anayetembelea kiti cha magurudumu, amepata picha ya bwana mmoja kando ya gari, na angependa kujua kama huyo bwana ndiye atakayemsaidia.

Nilimsomea Mama Martina barua pepe hiyo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akashika mguu wa meza. Bwana Gabrieli aliingia akamkuta vile, akauliza kinachochekesha, nami nikaifunga ile barua pepe. Wazee baadaye walisema ndoa ile iliharibiwa na mambo ya mashamba. Mimi nilikuwa chumbani siku ile, na nina maoni yangu.

Basi, zikapita kama misimu miwili. Tarmaki ilikuwa imeshafika, Karatu imejaa magari ya watalii na gereji, na kambi yetu ilikuwa inajaa kwa sababu mawakala wa nje walituweka kwenye tovuti zao. Wageni wetu wengi walikuja kwa kubonyeza ile anwani. Katikati ya neema hiyo Bwana Gabrieli akapakia kochi, jenereta na suti zake kwenye pikapu, akahamia Mbulumbulu, kwenye shamba la baba yake karibu na msitu, ambako alikuwa anajenga kambi aliyotuambia ni tawi. Kilichowaachanisha sikusimulii, kwa kuwa sikukijua chote na hata nilichokijua si changu. Ila tawi lilikuwa na jina la Bwana Gabrieli peke yake, na tovuti yake lenyewe, iliyotengenezwa na mtaalamu mmoja wa Arusha ambaye kadi yake ya biashara ilikuwa na vyeo mbele na nyuma.

Mwaka huo masika yalikuja na upepo. Upepo ule uling'oa paa la nyasi la bwalo letu, ukararua mahema karibu yote. Msimu wa wageni ulikuwa unakuja na Mama Martina hakuwa na pa kuwalaza. Bwana Gabrieli akatuma ujumbe kwamba yeye ana vitanda, na kwamba ile anwani ya Gamarti ielekezwe kwake.

Mama Martina akajibu kwamba anwani haiendi popote.

Ndipo kikaitishwa kikao.

Walikuja Mchungaji, Mzee Tluway ambaye ni baba mdogo wa Bwana Gabrieli, na kaka wawili wa Mama Martina kutoka Endabash na debe la maharage kwa heshima. Tulikaa kwenye bwalo lisilo na paa, tumejifunika mablanketi, ukungu unashuka juu ya vichwa vyetu. Mume upande huu, mke upande ule. Sala ikasomwa. Mama Martina akasema kwamba wageni si wa kulala nje, wapelekwe kwa mwenzake mpaka kambi itengenezwe. Kaka zake wakaguna, lakini ndivyo alivyosema. Bwana Gabrieli akashukuru. Kila mtu akadhani tumemaliza, ndipo Mchungaji akanigeukia.

"Mama Elly, wewe ndiye wa mitambo. Hilo jambo linafanyikaje?"

Ningeweza kusema tu litafanyika. Lakini Joakim alikuwa amenifundisha kutofautisha, nami nikatofautisha.

"Mchungaji, kuna njia mbili. Ya kwanza ni mia tatu na mbili. Hiyo inamwambia mgeni: kwa sasa nenda kule, lakini anwani yangu ni hii hii, safari ijayo anza tena kuniuliza mimi. Ya pili ni mia tatu na moja. Hiyo inasema nimehama moja kwa moja. Vivinjari, yaani zile programu za kufungulia kurasa, vingi vinakumbuka, havirudi kuuliza tena. Na injini za kutafutia zinafuta anwani ya zamani, zinaandika mpya."

Mzee Tluway akaegemea mbele.

"Kwa hiyo huyu wa mia tatu na mbili anaweza kurudi?"

"Anaweza, mzee. Siku yoyote ukiiondoa namba, mambo yanakuwa kama zamani."

"Na wa mia tatu na moja?"

"Kumrudisha ni kazi. Wengine hawarudi kabisa."

Mzee akamtazama Bwana Gabrieli, kisha akamtazama Mama Martina. Hakuna aliyekuwa anafikiria watalii tena.

"Mimi nataka mia tatu na moja," Bwana Gabrieli alisema. "Mambo yaeleweke."

"Mwanangu, usiharakishe," alisema Mzee Tluway. "Mama, hakuna ya katikati? Mia tatu na moja na nusu?"

"Hakuna, mzee."

Kaka mkubwa wa Mama Martina akauliza kama kuna mia tatu tupu. Nikasema ipo, ila haitumiki sana: hiyo humwonesha mgeni njia zaidi ya moja, achague mwenyewe ya kumpendeza.

"Hiyo hapana," alisema Mchungaji haraka. "Hiyo kanisa letu haliruhusu."

Walijadili asubuhi nzima. Mzee Tluway alieleza jinsi yeye mwenyewe zamani alivyokaa Mbulu muda mrefu bila mkewe na akarudi, kwa hiyo yeye ni mtu wa mia tatu na mbili. Kaka mdogo akasema dada yake asifanywe anwani ya kupitia. Mchungaji akatoa mahubiri mafupi juu ya mwana mpotevu, kisha akaniuliza pembeni kama yule naye anaingia kwenye namba hiyo. Mama Martina alikuwa amekaa tu na blanketi lake mabegani. Mwishowe akaulizwa.

"Wekeni ya muda," akasema. "Kambi itapona."

Alisema kambi. Mimi nilikuwa karibu yake, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

Ikapita mia tatu na mbili. Bwana Gabrieli akakubali mbele ya watu wote, akaahidi pia kuweka kwenye ukurasa wake mstari mmoja: wageni wa Gamarti mnakaribishwa hapa wakati kambi yenu inakarabatiwa. Tukaomba, tukala, nikaenda ofisini nikaweka namba ile mwenyewe.

Sasa sikilizeni jambo la ufundi, nitalisema mara moja. Mtu anayefungua ukurasa kwa macho haoni tofauti ya mia tatu na moja na mia tatu na mbili. Anabonyeza pale, anatokea kule, basi. Ili uione namba, lazima umuulize wa getini mwenyewe. Joakim alinifundisha kufungua lile dirisha jeusi, kuandika kwa mkono kile ambacho kivinjari huandika kwa siri, na kusoma jibu kabla halijapakwa rangi. Nilifanya hivyo kila asubuhi, kama wengine wanavyoangalia kama ng'ombe wamelala salama.

Msimu ukaanza. Sisi tulikuwa tunakata nyasi za paa na kushona mahema, Mama Martina akipanda ngazi mara nyingi kuliko mafundi aliowaajiri. Asubuhi moja nikafungua dirisha langu jeusi, nikauliza, nikajibiwa: mia tatu na moja. Nikauliza tena nikidhani macho yananidanganya. Mia tatu na moja. Nikaenda kwenye ukurasa wa Bwana Gabrieli. Ule mstari wa kukaribisha wageni wetu haukuwepo.

Nilipiga simu kwa wale wenye seva. Wakaniambia mtaalamu wa mkurugenzi, yaani Bwana Gabrieli, alifika na barua yake, wakampa paswedi. Walikuwa na adabu sana.

Nilimkuta Mama Martina jikoni anamenya viazi.

"Mama, ile namba imebadilishwa."

"Imekuwa ngapi?"

"Mia tatu na moja."

Akaendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha. Akakiweka kwenye maji. Kisha akaweka kisu.

"Yaani ameiambia mashine kabla hajaniambia mimi."

Niliokota maganda.

Wiki zilizofuata zilikuwa za aibu, na wakati huo huo zilichekesha. Mimi asubuhi narudisha mbili, yule mtaalamu jioni anaweka moja. Tulipoanza kulaza tena wageni niliiondoa kabisa, nikarudisha mia mbili na kurasa zetu. Kesho yake imekuwa moja. Wakala mmoja wa Ulaya alituandikia: tumeona mmehama moja kwa moja, hongereni, tumebadilisha anwani yenu kwenye tovuti yetu. Mwingine alitupigia simu kabisa. "Kila nikibonyeza kwako naenda kwa mumeo," alilalamika, na Mama Martina akamwambia kwamba hilo linawapata wengi. Mtu na mkewe kutoka Ujerumani walitelemka kwetu na uthibitisho wa Mbulumbulu, wakati huo huo Mbulumbulu kulikuwa na kundi lenye uthibitisho wetu, na madereva wawili walikutana barabarani wakabadilishana wageni kama mizigo.

Nilibadilisha paswedi. Kwa kuwa anwani ilisajiliwa kwa jina la Mama Martina, wale wenye seva walilazimika kunisikiliza, safari hii kwa adabu kidogo zaidi. Mlango ukawa wetu. Lakini waliokwisha kuambiwa kwamba tumehama moja kwa moja walikuwa wameshashika hilo. Joakim alikuja, akala mahindi yake, akatikisa kichwa.

"Seva yetu sasa inasema kweli, ila hao hawaiulizi. Vivinjari vyao vinakumbuka Mbulumbulu. Njia ya haraka ni Bwana Gabrieli mwenyewe, kwenye seva yake, awaelekeze warudi huku. Au tungoje wasahau."

"Nikamwombe?" aliuliza Mama Martina.

"Ndiyo njia ya haraka, mama."

Akatoka nje. Tulimwona dirishani amesimama anaangalia paa jipya, mikono nyuma. Aliporudi alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Joakim, katika namba zako zote, hakuna ya kusema basi?"

Joakim akanitazama. "Ipo. Mia nne na kumi."

"Inasemaje?"

"Mia nne na nne inasema sikioni kitu hicho, kwa hiyo mashine zinaendelea kurudi kuuliza, labda kesho kitakuwepo. Mia nne na kumi inasema kilikuwepo hapa, kimeondolewa kwa makusudi, msihangaike. Injini za kutafutia zikilisikia hilo zinafuta jina."

"Iko kwenye hizo za nne. Inamlaumu mgeni?"

"Kwa mpangilio iko huko. Lakini haimkosei heshima."

Mimi niliingilia. Nilisema, Mama, jina hili ndilo linalotulisha wote, wapishi, madereva, mimi na watoto wangu. Ukiliua hatuna kitu. Tungoje tu, watu watasahau Mbulumbulu.

"Jina hili nusu yake ni Gabrieli," akasema. "Sasa hivi linamlisha nani?"

Akanisogezea kibodi.

"Waliokuja kwa ajili ya chakula changu watanitafuta. Wasiponitafuta, nitarudi Endabash nikalime maharage, najua kulima. Mlango wa kugombania siutaki. Weka."

Niliweka. Nawaambia ukweli, kidole kilikuwa kizito. Nikauliza kwenye dirisha jeusi, likajibu: mia nne na kumi. Nilimwonesha. Aliisoma mwenyewe, akanishika bega, akaenda kuwasha jiko.

Msimu ule uliobaki ulikuwa mkavu. Mpishi wetu msaidizi alienda kukaanga chipsi sokoni Karatu, madereva wawili wakahamia makampuni mengine. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwa mawakala, mmoja mmoja, kwamba Gamarti haipo tena na kwamba kuna kambi mpya mahali pale pale, inaitwa Kwa Mama Martina. Wengine hawakujibu. Mmoja aliuliza kama Mama Martina ndiye yule anayepika supu ya malenge, nikasema ndiye, na kundi lake la kwanza likaja kabla ya Krismasi. Madereva waliobaki walikuwa wamepoteza tembo wao anayerudi nyumbani, wakapata taabu kidogo, halafu wakaanza kuwaambia wageni kwamba Martina alikuwa malkia wa Kiiraki. Mama Martina aliwasikia mara moja na hakuwakatalia.

Huko Mbulumbulu mambo yalikwenda vingine. Kambi ya Bwana Gabrieli ilikuwa inaishi kwa wageni waliopitia ile anwani ya zamani. Mashine zilipoacha kuitaja, na kompyuta za watu zilipobadilishwa au kusafishwa kama zinavyosafishwa, wageni wakapungua kama maji kwenye ndoo yenye tundu. Yule mtaalamu wa vyeo mbele na nyuma akabadilisha namba ya simu.

Alasiri moja Bwana Gabrieli akaja. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, viatu vyekundu kwa vumbi, akasimama mlangoni pa ofisi yangu. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mama Elly. Ule ukurasa wetu umekwenda wapi?"

"Umeondolewa, mzee."

"Nimeona namba fulani. Mia nne na kumi. Nimemuuliza kila mtu hakuna anayeijua." Alivua kofia. "Utarudi lini?"

Nilitafuta maneno ya kumpunguzia, nikayakosa. "Hiyo namba haina lini, mzee."

Alitazama ukutani, mahali ilipokuwa imetundikwa nakala ya ile picha yake na Landrova. Tulikuwa tumeweka kalenda. Hapo nje likaingia gari la wageni, watu wakateremka wakijinyoosha, na Mama Martina akatoka jikoni anafuta mikono kwenye aproni. Akawapokea, akawagawia juisi, akacheka na mtoto mmoja. Bwana Gabrieli alikuwa ametoka, amesimama katikati ya mabegi, kofia mkononi. Mama Martina akamfikia.

Nilidhani atamfukuza. Nilidhani pia, kwa dakika moja, kwamba atamkumbatia. Alimtazama usoni, kisha akasema kwa ile sauti yake ya wageni:

"Karibu sana. Una bukingi, au umekuja tu?"

Bwana Gabrieli akaikunja kofia yake. "Nimekuja tu," akasema.

"Basi kaa pale barazani. Nikishawapokea wenye bukingi, nitakuja tuzungumze."

Akakaa. Nilimpelekea chai, akanishukuru. Alingoja mpaka wageni wote wameoneshwa mahema yao, na Mama Martina akaja kweli, akavuta kiti, wakazungumza hadi jua likaingia nyuma ya msitu. Sikuwasikia. Niliona tu kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaongea, na mume anaitikia. Chumba hakupata. Alipata sahani ya makande, na lifti ya gari la kuni lililokuwa linapanda Mbulumbulu.

Siku hizi analima ngano kule juu, na watu wanasema ni mkulima mzuri kuliko alivyokuwa mkurugenzi. Kila baada ya mavuno huleta unga kambini. Hupitia geti la nyuma, hupima magunia mbele ya mpishi, halafu hukaa barazani akasubiri kuitwa.